Mtu wa Upande wa Chini

Cheka ukitaka, mradi usiniambie kwamba niliota. Ilikuwa mchana, jua la utosini, na sikuwa nimeonja pombe hata tone. Aliyeumia yuko Kondoa mpaka leo, kamuulize. Ila atakueleza tofauti na mimi, na hapo ndipo ninapochanganyikiwa.

Ilikuwa enzi ya Mjerumani. Reli ilikuwa imeshafika Dodoma, nami nilikuwa mwendesha gari la maksai. Siku hiyo tulikuwa tunapeleka mbao na mapipa ya saruji Haneti, kwa Bwana mmoja wa Kijerumani aliyekuwa anajenga bohari. Mwenzangu alikuwa kaka Issa, Mrangi, mkubwa kwangu kwa miaka mingi. Mimi ni Mgogo wa Mvumi.

Kwanza tulikosea kupakia. Mapipa yalichelewa, mbao zikatangulia chini, basi tukayapandisha juu ya mbao. Gari la namna hiyo linayumba hata kwenye njia tambarare. Sasa fikiria huko porini.

Tulipokaribia vilima vya Haneti tukakuta mvua imeikata njia, limebaki korongo refu kuliko mtu. Tukaiacha njia, tukapita ubavuni mwa kilima. Kaka Issa alifunga kamba juu ya mzigo, akawa anatembea upande wa mlimani akiivuta, gari lisije likalalia bondeni. Mimi nilikuwa mbele na maksai.

"Polepole, mdogo wangu," akaniambia. "Likianza kuinama, waelekeze maksai bondeni moja kwa moja. Usishindane nalo."

Nilijua. Kila mwendesha gari anajua hilo.

Ndipo nikamwona mtu, upande wa chini, hatua kumi hivi kutoka kwenye gurudumu. Mzee wa Kigogo, shuka yake nyekundu kwa udongo, fimbo begani. Alitokea wapi? Pale palikuwa na nyasi fupi tu, hata sungura ungemwona.

"Mbukwa," akanisalimu, salamu yetu. Nikaitikia. Akaniambia kwa Kigogo, taratibu kabisa, "Panda nao juu. Sisi huku tumeshalishika."

Niamini, nilitaka kukataa. Lakini akamwita maksai wangu wa mbele, "Kijivu!" na Kijivu akageuka kuelekea mlimani. Maksai yule hakuwahi kumtii mtu mwingine isipokuwa mimi! Nami badala ya kumzuia nikamfuata. Kwa nini? Sijui. Nimejiuliza mpaka nimechoka.

Gurudumu la juu likapanda kichuguu. Nikasikia mapipa yakibiringika, mbao zikalia, na gari zima likapinduka kuelekea bondeni. Halafu nikasikia ukelele wa kaka Issa, lakini ukelele ulitoka upande wa chini. Upande wa chini! Nilimwacha mlimani na kamba mkononi.

Nikakimbia. Alikuwa amelala chali, gari limemlalia mguu juu kidogo ya goti. Mzee hayupo.

"Kaka, umefikaje huku?"

"Si yule kijana ameniita," akasema, meno yakigongana. "Yule wa kanzu."

"Kijana gani? Ni mzee!"

"Kijana wa kwetu. Ameniambia kwa Kirangi, achia kamba, njoo tulisukume kwa huku chini."

Sikuwa na muda wa kubishana. Nilichimba chini ya mguu wake kwa panga, nikainua kwa ubao, gari halikutikisika. Damu ilikuwa inaingia mchangani na uso wake unakuwa wa majivu. Nilikuwa nimeanza kulia, sikufichi. Hapo nikasikia tena nyuma yangu, "Kijivu!" Kijivu, ambaye bado alikuwa kwenye nira, akavuta kwa nguvu zake zote. Gari likainuka kiasi cha kiganja. Nikamvuta kaka Issa kwa makwapa, akatoka.

Nikageuka nishukuru, au nitukane, sijui. Hapakuwa na mtu.

Kaka Issa anaapa kwamba aliyeita mara ile ya pili ni mimi. Mimi najua sikufungua mdomo.

Watu wa Haneti walikuja kumbeba. Kesho yake nilirudi pale kutazama nyayo. Nilikuta zangu, za maksai, na za kaka Issa zikizunguka nyuma ya gari hadi chini. Za mtu wa tatu hazikuwepo.

Bwana aliniuliza nani alinielekeza kupanda. Nikapigwa hamsa ishirini, vile viboko ishirini na tano vya Mjerumani. Mguu wa kaka Issa ulipona ukiwa umekauka kama kuni, akarudi kwao. Nimemtembelea mara mbili. Mama yake hanipi hata maji. Anasema nimebuni yule mzee ili nikwepe lawama. Na mimi kuna siku namwamini yeye kuliko macho yangu. Je, yule mtu alitaka kutuua au kutuokoa? Au walikuwa wawili?

Basi wewe unayeendesha gari nje ya njia, weka kizito chini. Usipite ubavuni mwa kilima. Panda wima au shuka wima, au teremsha mzigo muubebe kwa mabega. Wala asisimame mtu upande wa chini. Na akitokea mgeni akakuambia endelea, simamisha maksai. Kabla hujamtii, muulize kwanza mwenzako amesikia nini.