Kanzidata ya Zamani Haikuzimwa

Mlango ulipigwa teke, komeo likaruka hadi mezani, na shemeji akaingia na nyundo mkononi.

"Nimetoka," alisema. "Hata kiti hamkuniandalia?"

Fundi alidhani anaona mzimu. Kazini, katika ofisi ya gereza, walimwita Fundi kwa sababu ndiye aliyehudumia kompyuta zote. Asubuhi ile, kabla hajavua hata mtandio, alikuwa amefungua ripoti ya wanaotoka, kama kila siku. Shemeji bado yumo gerezani. Kifungo chake cha kumvunja mkewe vidole bado kilikuwa na miezi. Akampigia simu mdogo wake: "Leo anika nguo nje bila wasiwasi."

Sasa jioni, Fundi akiwa amepita kumwona, huyo mdogo wake alikuwa anaburutwa kwa nywele kutoka jikoni. Nyundo ikamshukia begani, mfupa ukaalika kama ukuni mkavu. Fundi alimrukia shemeji mgongoni, akamng'ata sikio mpaka akaonja damu. Akatupwa ukutani. Buti likamkanyaga mkono wa kushoto, nao ukavunjika.

"Wewe ndiye uliyemtia kiburi!"

Mdogo mtu alitambaa hadi jikoni, akainua birika lililokuwa likichemka kwa mkono uliobaki, akammwagia mumewe usoni. Ukelele wake uliwatoa majirani wote. Walimpiga kwa mifagio, kwa vigoda, kwa ngumi, mpaka mama wa nyumba ya pili akasema, "Jamani, basi! Mtamuua, tufungwe sisi!" Wakamfunga kwa kamba ya nguo, sketi ya mkewe ikiwa bado inaning'inia.

Hospitalini, mdogo mtu alifumbua macho.

"Dada, si ulisema yumo?"

Swali hilo liliuma kuliko mkono.

Gereza lilikuwa limehamishia kumbukumbu za kompyuta kwenye kanzidata mpya, na kazi ya Fundi ilikuwa kuzielekeza ripoti za zamani, moja moja, zisome huko. Aliyepiga kelele ndiye aliyehudumiwa kwanza: ripoti ya chakula, ya magari, ya sare. Ya wanaotoka ilifunguka vizuri bila kosa lolote, akaiacha kiporo. Ilifunguka kwa sababu mkuu alikataa kanzidata ya zamani izimwe. "Iache, mama. Akiba haiozi." Kifungo cha shemeji kikapunguzwa kwenye mpya, huku ile ya zamani ikiendelea kusema yumo, kama marehemu anayepokea simu na kujibu hajambo.

Asubuhi iliyofuata Fundi aliingia chumba cha seva na plasta mkononi, akazima swichi ya kanzidata ya zamani. Nje, skrini zikaanza kuwa nyekundu. Mkuu akaja mbio.

"Fundi! Umeziua ripoti!"

"Zilikufa siku tuliyohama, bosi. Leo ndiyo zimenuka."

"Washa!" Akanyoosha mkono kwenye swichi.

Fundi akaweka mkono wake mzima mbele yake. "Vunja na huu kwanza."

Mkuu aliitazama plasta, akamtazama machoni, akarudi nyuma.

Fundi aliketi, akaanza na ripoti ya wanaotoka. Kwa mkono mmoja alifuta anwani ya zamani, akaandika mpya, akafungua. Palikuwa na mtu aliyetolewa alfajiri hiyo. Kosa: kumchoma mkewe moto. Namba ya simu ya mke ilikuwa pembeni.

"Haloo?"

"Mama, uko na nani?"

"Na watoto. Kwani nani mwenzangu?"

"Napiga kutoka gerezani. Mumeo katoka. Beba watoto, ondoka sasa hivi!"

"Mbona jana mlisema... Ngoja, kuna mtu anagonga."

"Usifungue! Pita nyuma! Mama, pita nyuma!"

Simu ilidondoka. Fundi alisikia miguu mitupu ikikimbia, mtoto akilia, kilio kikififia. Kisha mbao zikapasuka. Meza ikapinduliwa, vyombo vikavunjika kimoja baada ya kingine, na sauti ya mwanamume ikanguruma ndani ya nyumba:

"Mko wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Fundi akalaza kichwa juu ya plasta, akamsikiliza akiuliza tena, na tena.