Barua ya Koleji Niliyoijengea Ndani ya Ukuta wa Kanisa

Wewe unayetengeneza ukurasa huu wa gazeti, futa jina langu kabisa, usiache hata herufi ya kwanza, kwa sababu Goma ni ndogo na sisi wafundi wa mawe tunajuana kwa kikohozi. Mimi ni muzee wa miaka hamusini na nane. Ao sitini. Padri aliyeandika karatasi yangu ya ubatizo alinitazama meno, akakisia kama munuzi wa mbuzi. Shuleni nilikaa miaka mitatu tu, kiisha nikafukuzwa kwa kucheka suruali ya mwalimu iliyopasuka nyuma. Lakini kusoma najua, na ni kusoma huko kulikonitia katika mabaya haya. Nina hasira na watu watatu, na mumoja wao ni mimi mwenyewe.

Mutoto wangu wa mwisho, tumuite Anselme, ana miaka kumi na tisa. Dada zake wote wameolewa, nyumbani hakuna mwingine. Alikuwa na njia mbili za kupata diploma ya ujenzi. Moja ni koleji ya Bukavu, miaka mine ya kukaa darasani mbele ya mwalimu. Ya pili ni masomo ya posta: shule moja ya Ulaya inakutumia somo ndani ya bahasha, unaandika majibu nyumbani, unayarudisha, wao wanasahihisha kwa wino mwekundu. Yeye alitaka koleji. Mimi nilitaka posta. Nikamuambia, "Koleji watakufundisha kufunga kravati shingoni. Kaa hapa, muchana unajenga na mimi, mangaribi unasoma." Hiyo ilikuwa sababu ya mudomo. Sababu ya kweli ni magoti yangu, yamechoka ngazi, na nyumba isiyo na mutoto inaniogopesha. Musicheke. Siku yenu inakuja.

Akafanya mutihani wa koleji hata hivyo. Jibu likafika mwezi wa pili, na anayeenda posta kila juma ni mimi. Nikafungua. Kifaransa changu ni cha kuombea simenti, lakini neno "amekubaliwa" nililielewa. Nilielewa tena kwamba nafasi yake itangoja mpaka masomo yaanze mwezi wa tisa, na lazima afike na barua ile mukononi. Siku hizo tulikuwa tunapandisha ukuta wa kanisa jipya. Nikaitia barua ndani ya kopo la sigara, nikaweka kopo katikati ya mawe mawili ya volkano, nikapiga simenti. Pale pale, karibu na kiti cha maungamo. Askofu akaja akaumwagia ukuta maji ya baraka, barua ikiwa ndani.

"Papa, posta hakuna kitu?" Anselme aliuliza.

"Hakuna."

Aliuliza hivyo majuma mane. Kiisha akasema pole pole, "Basi wamenikataa," akajiandikisha masomo ya posta. Na mimi nikamununulia kalamu za rangi, nikifurahi kama muchawi.

Somo la tano likasema: chimba shimo la meta moja kando ya nyumba yako, uchore tabaka za udongo. Ninyi wa Goma munacheka tayari. Udongo gani? Muji wetu umekaa juu ya jiwe la volkano. Tulichimba. Kiganja kimoja, jiwe. Tukapiga nyundo na patasi siku mbili. Jiwe. Anselme akachora alichokiona: udongo mwembamba kama blanketi ya masikini, na chini yake weusi mutupu. Majuma matatu kiisha, karatasi ikarudi na sifuri, na maneno mekundu: "Hukuchimba. Rudia."

Hukuchimba! Mutu amekaa kwenye kiti chake Ulaya, hajakanyaga hapa hata siku moja, anaiambia mikono yangu yenye malengelenge kwamba haikuchimba! Nilitukana kwa Kihunde, nikatukana kwa Kinyarwanda, kiisha kwa Kifaransa ili mwenyewe asikie.

Anselme hakutukana. Alikaa mezani akachora muchanga wa njano, udongo mwekundu, udongo wa mufinyanzi, vizuri sana, kama kitambaa cha sikukuu. Shimo hakuligusa. Akapewa kumi na nane juu ya ishirini.

"Umesema uongo juu ya ardhi unayoikanyaga!" nikamupigia kelele. "Mufundi anayedanganya musingi ni muuaji!"

"Papa, ukweli ulinipa sifuri. Ulikuwepo."

"Ungewarudishia muchoro wa jiwe lile lile!"

"Ningemurudishia nani? Bahasha haina macho. Ningekuwa koleji, ningemuvuta mwalimu mukono, achuchumae mbele ya shimo, aone. Lakini koleji hawakunitaka."

Mama yake akachungulia kutoka jikoni. "Muzee, mbona unakunja karatasi ya mutoto? Ina kumi na nane."

Mutoto alidanganya karatasi. Mimi nilidanganya mutoto, nikafunika kwa nyumba ya Mungu.

Sasa ni mwezi wa nane. Ukuta ule ni muzuri kuliko zote nilizojenga. Padri analeta wageni kuupapasa. Kila siku ya Mungu, wakati wa misa, nakaa mbele ya ukuta ule, na jiwe nalijua: la nne kutoka chini, lina tundu kama sikio. Nikiuvunja, padri atauliza, kanisa lote litauliza, na Anselme ataondoka akijua baba yake ni mutu gani. Nisipouvunja, atapata diploma yake kwa kuchora udongo usiokuwepo, atajengea watu nyumba hivyo hivyo, na atabaki na mimi. Hapo ndipo hasira inanipanda kabisa: atabaki, na nitafurahi.

Musiniambie nisali, ninasali pale pale. Patasi iko tayari ndani ya mufuko. Wasomaji, nishaurini, nifanye nini? Nyundo ya kwanza niipige mbele ya padri, ao mbele ya mutoto? Jibuni mbio. Gazeti hili linafika Goma kwa bato ya Bukavu, meli ya ziwani, na bato hiyo hiyo, ikirudi, ndiyo ingemubeba Anselme kwenda koleji.