Mlango wa Gereji ya Baba

Baba alipoanza kutusahau nilirudi kuishi naye mtaani Mountain View. Mama alikuwa ameshafariki. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa akikaa Kinoo, alikuwa amemwekea mlango wa gereji wa umeme ili asihangaike kuuinua. Lakini baba hakuendesha gari tena. Kila asubuhi alikokota kiti mpaka mdomoni pa gereji, akaota jua akitazama barabara.

Mvua zilipoanza, mlango nao ukaanza ukaidi. Nikibonyeza rimoti ulishuka kidogo, ukashtuka, ukarudi juu huku taa ya mashine inayouendesha ikimetameta. Chini, kila upande, palikuwa na sensa, kijicho cha plastiki. Kimoja hurusha mwali usioonekana, cha pili huupokea, na mwali ukikatizwa mlango haushuki. Nilivipangusa, nikavinyoosha vitazamane. Mlango ukatii kwa muda, kisha ukarudia yaleyale. Tulilala gereji ikiwa wazi, nami nikawa naamka kila mbwa wa jirani alipobweka.

Kaka alikuja Jumamosi, amechoshwa na simu zangu.

"Hizi sensa ni za kusumbua tu," alisema. "Finya hii swichi ya ukutani, usiachilie. Itafunga."

"Ikifungwa hivyo haioni mtu."

"Mtu gani? Si mko wawili tu hapa?"

Akafinya. Kweli, mlango ukaanza kushuka bila kusita. Nilidhani baba yuko jikoni anakunywa chai. Kumbe alikuwa ametokea mlango wa mbele, akazunguka nje kuifuata kofia aliyoiacha kitini. Gari la baba, lililoegeshwa humo ndani, lilimziba kaka asione. Mimi niliona sandali zake, kisha kichwa chake cheupe kikiinama kupita chini ya mlango.

"Achilia! Achilia, baba yuko hapo!"

Mlango ulisimama ukiwa umemgusa mgongo. Nilivuta kamba ya dharura inayoutenganisha mlango na mashine, tukauinua kwa mikono. Nilimpapasa mabega na mbavu, sikuona jeraha. Alikuwa amekasirika tu.

"Nani anafunga nyumba na mimi niko nje?"

Kaka alitoka, akasimama nyuma ya tangi la maji, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Leta bisibisi," aliniambia. "Siondoki kama hii kitu haijatengenezwa."

Tulizima stima, tukavifungua vile vijicho viwili, tukaviunganisha na mashine kwa vipande vifupi vya waya mpya, vikitazamana juu ya ngazi tuliyoisimamisha chini ya mashine. Tulipowasha, taa zake ndogo ziliwaka zikatulia. Basi vijicho vilikuwa vizima. Ugonjwa ulikuwa kwenye waya wa ukutani. Tukazima tena, nikaufuata waya kwa vidole mpaka nyuma ya rafu ya rangi kuukuu. Hapo msumari wa kuushikilia ulikuwa umezama ndani ya ngozi yake. Ukuta ulikuwa na unyevu, na shaba imeota ukijani.

Kaka aliutazama ule msumari. "Ni mimi niliupigilia," alisema.

Tulivuta waya mpya upande mkavu, safari hii tukaushikilia kwa vibanio vya plastiki. Kisha akaweka katoni mlangoni na kubonyeza rimoti. Mlango haukushuka. Akaiondoa, ukashuka hadi sakafuni. Alirudia, akarudia tena, hata nikamwambia inatosha, lakini hakuonekana kunisikia.

Baba alikuwa akituangalia kwa utulivu, hasira imemtoka yote. Alinivuta kando.

"Huyu fundi amefanya kazi nzuri," aliniambia. "Anatoka wapi?"

"Baba, huyu ni mtoto wako."

Alicheka kidogo, kama mtu aliyetaniwa, akamgeukia kaka. "Usiende na njaa, kijana. Ingia ule."

Kaka alijifuta mikono kwenye suruali. "Asante, mzee," alisema, akaingia.