Neno "Amelala" Kwenye Waya wa Watatu

Jumatano, mwezi wa nne, 1984. Mvua tangu alfajiri. Ukungu wa msituni umeshuka mpaka kwenye mibuni, mlima Oldeani hauonekani.

Siku hiyo mke wangu alikuwa anapasuliwa tumbo katika hospitali ya misheni, ng'ambo ya mto uliofurika. Gari halipiti. Mimi nilibaki stoo ya shamba la kahawa, nilikokuwa karani, nikiitazama simu. Sijui kama mwanamume mwingine angeuvuka ule mto kwa miguu. Pengine angeuvuka.

Simu hiyo haikuwa yetu peke yetu. Waya ulikuwa mmoja, unatoka posta ya Karatu nguzo kwa nguzo, na simu tatu zimeungwa humo: ya dukani, ya kambi ya barabara, na ya stoo. Kengele ikilia inalia kote. Mlio mrefu ni duka, mirefu miwili ni kambi, mrefu na mfupi ni sisi. Lakini watu walikuwa wakiinua hata isipokuwa yao. Adabu yetu ilikuwa moja tu: ukiingia kwenye maongezi ya mwenzako, piga hodi, kama unavyoingia nyumbani kwake. Na kila anayeinua anaipunguzia nguvu sauti ya waya, kama mfereji wa shamba unaotobolewa na majirani.

Mchana ikalia. Mrefu na mfupi. Nikainua.

"Stoo? Wewe ndiye mume wa mama aliyepasuliwa?" Alikuwa muuguzi.

"Ndiye mimi, sista."

"Hodi," akasema mwenye duka.

"Hodi humo," akasema mama mpishi wa kambi.

"Karibuni," nikasema. Ningefanyaje?

Hapo sauti ya muuguzi ikawa ya mbu. Nilichopata ni hiki: "... daktari amemaliza ... mama amelala."

Kanisani kwetu, mtu akifariki, hatutangazi kwamba amekufa. Tunasema amelala. Nikaibana simu sikioni.

"Amelala vipi, sista? Amelala usingizi, au ... amelala?"

Mbu tu.

"Jamani, wekeni chini! Simsikii! Nawaombeni, wekeni chini!"

Nikasikia simu moja ikiwekwa, taratibu, kwa heshima. Moja tu. Ya pili haikuwekwa. Nilisikia pumzi ya mwenye duka, ana pumu. Nilimchukia, siwezi kuficha. Lakini sauti ilirudi kidogo.

"Usingizi, baba! Wa dawa! Anakoroma mpaka wodi nzima inalalamika."

"Hata mimi nimesikia, shemeji," ile pumzi ikasema. "Anakoroma."

"Wewe si nimesema uweke chini?"

"Ningeweka, na kama hukusikia ungeambiwa na nani?"

Jioni nilikuwa nakaribia nyumbani nilipowaona wanawake wa kambi wanapanda kilima. Kuni kichwani, unga kwenye ndoo, kanga zimefungwa viunoni. Mbele yao mama mpishi, analia. Kwetu kuni haziletwi namna hiyo ila kwenye msiba.

Nikajua simu imelia tena, nikiwa njiani. Wamesikia jambo ambalo mimi sikulisikia. Nikarudi mbio mpaka stoo, nikazungusha mkono wa simu, nikazungusha tena. Waya ulikuwa kimya kabisa, labda mti umeuangukia. Nikarudi nyumbani nimelowa. Binti yangu mkubwa alisimama mlangoni na mwiko, akanitazama, akazitazama zile kuni.

"Mmesikia wakati gani?" nikamwuliza mama mpishi.

"Si pale pale, baba. Ulipotuambia tuweke chini. Nikasema, mwacheni mwenzetu alie peke yake."

"Na baadaye? Haikulia tena?"

"Nilitoka kutafuta kuni. Sijui."

Hapo ndipo niliogopa zaidi. Alisikia "amelala" tu, akaweka simu kabla ya "usingizi", ndiyo, lakini hajui la baadaye, na mimi sijui.

Mwenye duka akatokea, anahema, viatu vimejaa tope. Aliwaona wakipita dukani kwake.

"Nyie! Kuni za nani? Mwenye msiba anakoroma!"

"Simu ililia tena?" nikamshika shati. "Baada ya ile? Niambie kweli."

"Haikulia, shemeji. Ingelia ningeinua."

Hilo hakuna aliyelitilia shaka. Binti yangu akacheka kwanza, halafu akalia, na mama mpishi akamkumbatia.

Nimejaribu kumlaumu mtu, nimeshindwa. Aliyetutisha ni yule aliyeniheshimu, na aliyetuokoa ni yule aliyekataa kutii. Na waliotakiwa kuweka chini, ni mimi niliyewakaribisha.

Mama mpishi alisema kuni zikishatuliwa hazibebwi tena. Basi tulizikoka, tukasonga ugali wa ule unga wa msiba, tukala na maharage na mboga ya mnafu wa bustanini, na mwenye duka ndiye aliyekwangua sufuria.