Suruali Zilizompwaya Baba Pacha

Mtaa mzima ulimwita Mama Pacha. Alikuwa fundi cherehani mwenye mkono mwepesi, na huo mkono wenyewe ndio uliomponza.

Mumewe alikuwa mtunza stoo, mtu wa kushinda kwenye kiti. Daktari alipomkuta na presha alimwandikia vidonge vya kila siku na kumwambia apunguze tumbo. Mama Pacha hakutaka mwenzake ateseke peke yake, akaiingiza nyumba nzima: kutembea alfajiri, chai bila sukari, nusu sahani mboga, soda marufuku. Pacha, wasichana wa miaka minane, walinuna siku mbili. Ya tatu wakawa wao ndio wasimamizi, wakali kuliko daktari. Kila Jumamosi familia ilijipanga mbele ya cherehani, fundi akawapima viuno kwa futi yake na kutangaza inchi.

Jumamosi ya tatu kiuno cha baba kilikuwa kilekile. Kutembea alitembea kweli, ila mwili wake ulikuwa mgumu wa kusikia.

"Basi nimeshindwa," akasema, uso umemshuka. "Nirudishieni soda yangu."

Mama Pacha akaitazama futi, akamtazama mumewe, akatangaza inchi moja pungufu. Pacha wakashangilia. Jumatatu, mume alipokuwa kazini, alifumua suruali zake na kuzipanua kwa ndani, ili naye aone zinampwaya.

Alidhani ni mara moja tu, maskini. Wiki iliyofuata ilidai inchi nyingine, na iliyofuata vivyo hivyo, mpaka akiba ya kitambaa ikaisha akawa anaunga vipande. Mume alitembea kwa madaha, kila mgeni akionyeshwa jinsi ngumi inavyoingia kiunoni. Mama Pacha alicheka nao huku roho ikimwenda mbio. Kusema ukweli kungemvunja moyo mumewe. Kunyamaza kulimdai uongo mwingine kila Jumamosi. Akaanza kuichukia Jumamosi.

Jumapili moja, wakila mchana, mume akasukuma sahani na kujipigapiga tumbo.

"Vile vidonge nimeviacha, wiki ya tatu sasa. Mtu aliyepungua inchi nne ana presha ya wapi?"

Kijiko kilimdondoka Mama Pacha. Akawatuma pacha nje.

"Baba Pacha, hujapungua hata inchi moja. Nilikuwa nakudanganya."

Mume akacheka mpaka akakohoa. "Acha wivu, mama! Na hii inayonipwaya je?" Akakivuta kiuno cha suruali, ngumi ikaingia yote.

Mama Pacha akapiga magoti, akakigeuza kiuno hicho nje ndani, akamwonyesha kipande kilichoungwa, cheusi kuliko suruali yenyewe.

"Nimezipanua mwenyewe. Zote."

Mume alikishika kile kipande kwa vidole viwili. Kicheko kilimwisha.

"Watu wote kule stoo nimewaonyesha," akasema taratibu.

"Nikasirikie utakavyo, nimekosa. Ila vidonge meza leo hii, mume wangu, nakuomba. Presha haionekani kwa macho. Itakuangusha hivihivi ukijiona mzima."

Mtunza stoo akakiachia kipande. Alimtazama mkewe kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Na hilo nalo," akauliza, "nitajuaje kama ni kweli?"