Siku Nilipomwitikia Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alinisahau mwaka wa pili wa ndoa yangu. Hakusahau vyote kwa mara moja. Alianza na mimi. Mwanawe alimjua, kuku wake aliwajua mmoja mmoja, hata rangi za ng'ombe waliokufa zamani kule kwao Kavumu angeweza kukutajia. Mimi niliyempikia na kumwogesha nilikuwa "ule mwanamuke". Nilikasirika sana. Nilikuwa na miaka ishirini na ulimi mkali, na nilitaka jambo moja tu: siku moja anitazame ajue kuwa ni mimi.

Tuliishi Kadutu, mtaa wa watu weusi mjini, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo mume wangu alipewa kwa sababu ya kazi yake ya ukarani. Kila asubuhi mama mkwe alifunga kitambaa kichwani, akachukua jembe, akateremka akidhani anakwenda kulima maharagwe yake Kavumu, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Siku moja alifika mtaa wa Wazungu, akaingia kwenye bustani ya Madamu mmoja, akang'oa maua yote ya kando ya baraza, mizizi na vyote, akayalundika pembeni kama magugu. Boyi, mtumishi wa pale, alisema mama mkwe alikuwa akiimba. Polisi walimrudisha, na komisero wa polisi akamwambia mume wangu kwamba mama yake akikamatwa tena bila karatasi ya ruhusa, atapakiwa kwenye lori arudishwe kwao.

Lakini kwao hakukuwapo tena. Kilima chao kilikuwa kimepandwa miti ya kwinini ya Mzungu, na watu wake wote walikuwa wametawanyika. Wangemshusha barabarani na kumwacha hapo.

Ndipo nikaanza kumfungia. Nikienda sokoni au bombani, nilipitisha mti nje ya mlango. Mume wangu alijua, akatazama pembeni; wanaume ni hodari wa kutazama pembeni. Kutoka bombani nilimsikia mama mkwe akigonga na kumwita binti yake, dada wa mume wangu, aliyekufa kwa uzazi kabla mimi sijaolewa. Mama yangu alinifunza kwamba marehemu akiitwa, watu wa nyumbani wananyamaza, maana anayeitikia amejiweka mahali pake. Nilinyamaza wiki nyingi.

Siku moja ya mvua nilirudi na ndoo kichwani nikasikia kishindo kingine mlangoni. Hakuwa akigonga kwa mkono. Alikuwa akigonga kwa paji la uso, polepole, huku akiita. Nikajibu kabla sijafikiri.

"Mama! Niko hapa."

Kugonga kukakoma. Kisha sauti yake ikaja karibu kabisa na ubao.

"Umerudi? Ulikawia sana, mutoto wangu."

"Ndiyo, mama. Nimerudi."

Tangu hapo kazi yangu ikawa rahisi, na mimi nikaanza kuogopa. Alikula mkononi mwangu. Alinisuka nywele. Alinipapasa tumbo akauliza mtoto nilimweka wapi, nami niliyekuwa sijazaa bado nikamjibu kwamba amelala. Hata mchana kweupe niliona woga kuingia chumbani mwake peke yangu, kwa sababu macho yake yalimfuata mtu aliyekuwa amesimama pale niliposimama mimi. Lakini pia nilipendwa, siwezi kuficha hilo. Sijapendwa hivyo tena na mtu yeyote.

Mchana mmoja alinivuta mkono akaninong'oneza.

"Ule muke wa kaka yako iko mubaya. Ananifungiaka ndani kama mbuzi. Umufukuze."

"Nitamufukuza, mama."

"Sasa hivi. Nisikie."

Nikatoka uani nikajifukuza. Toka hapa, rudi kwenu, mwanamke gani wewe, unamfungia mama wa watu! Nilijitukana vizuri, maana makosa yangu niliyajua kuliko mtu yeyote. Jirani aliacha kutwanga akanitazama. Ndani, mama mkwe alikuwa akicheka na kupiga makofi. Niliporudi machozi yalikuwa yakinitiririka, naye akanifuta kwa ncha ya kitambaa chake.

"Ameenda?"

"Ameenda."

"Basi acha mulango wazi. Leo tutaenda kulima, mimi na wewe."

Alikuwa amekwisha kushika jembe. Maji ya kupikia hayakuwapo, na bomba lingefungwa muda si mrefu. Nilimwambia anisubiri kidogo tu. Nikachukua ndoo, nikatoka, nikavuta mlango nyuma yangu, nikainama kuchukua ule mti. Alikuwa amesimama kwenye ufa, akiitazama mikono yangu. Akaitazama kwa muda, kisha akanyanyua macho hadi usoni mwangu.

"Kumbe ni wewe," akasema.

Nikapitisha mti.

Aliishi miezi minne zaidi. Hakumwita binti yake tena hata mara moja, na mimi alinijua kila siku.