Neno Lililofutwa Daftarini

Tulimwita Wembe kwa sababu miaka ishirini na saba kazi yake maabara ilikuwa moja: kukata vipande vya nyama vya wagonjwa, vyembamba hata unaona upande wa pili. Mimi nakaa dirisha la mapokezi, napokea vipimo na kutoa majibu. Domo langu halifungi. Yeye maneno yake ya kuhesabu.

Siku hiyo kililetwa kipande kibichi cha binti wa miaka mitano, uvimbe wa nyuma ya jicho. Wembe akakipasua, akaniita mbio. "Dada, njoo uone kabla hakijabadilika!" Kijani, jamani! Kijani kabisa! Nikiwa bado nashangaa, ile rangi ikafifia mpaka kikawa kama vipande vingine tu.

"Hii ni saratani ya damu, imejificha kwenye uvimbe," akasema. "Niliwahi kuiona mara moja, ujanani." Akaandika "kijani" daftarini, akaenda kumwomba daktari mkuu mtoto apimwe uboho.

Daktari ile rangi hakuikuta. Kwenye hadubini aliona chembe ndogo za duara, na damu ya mtoto ilikuwa safi. "Ni saratani ya misuli," akasema. "Wewe kata, majibu niachie mimi." Akachukua kalamu nyekundu, akalifuta lile neno mbele yetu. Wembe akaufyata. Majibu nikampa mama wa mtoto mimi mwenyewe, na tabasamu juu!

Jicho likatolewa. Miezi miwili mtoto wa watu akanyweshwa dawa za ugonjwa asiokuwa nao. Damu ilipopimwa tena ilikuwa imejaa saratani ileile aliyoisema Wembe, na mwezi haukuisha tukasikia amezikwa.

Mama akarudi dirishani. "Hivi humu ndani hakuna aliyeona?"

Mimi nilishaanza kujitia hamnazo, lakini Wembe alikuwa nyuma yangu. Akalileta daftari, akalifungua. "Niliona, mama. Daktari akalifuta."

Mama akalitazama lile neno na mstari wake mwekundu.

"Alifuta ulichoandika, baba. Na mdomo je? Siku tatu nilikaa benchi lile pale, nasubiri majibu."

Wembe akaliangalia benchi. Na mimi nikaliangalia. Kutoka dirishani ni hatua nne.